Bwana Harusi Ameshaoa

Karani wa dirisha la ndoa aliitazama kompyuta, akamtazama Fundi, akairudia kompyuta. Kisha akamgeukia Mshonaji kwa macho ya upole ambayo watu huwatunzia wafiwa.

"Dada," alisema, "huyu bwana ameshaoa."

Mshonaji alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya Fundi arudi mara tatu kulitengeneza friji la duka alikokuwa akishonea, ingawa friji lenyewe lilipona mara ya kwanza. Fundi naye alitabasamu, akidhani ni utani wanaofanyiwa wachumba wote pale dirishani. Karani hakutabasamu. Aliigeuza kompyuta ili wajionee wenyewe.

Majina yalikuwa yake, yote matatu. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yake. Jina la mama lilikuwa la mama yake. Chini yake iliandikwa kwamba miaka miwili iliyopita mtu huyo aliombewa hati ya kuthibitisha kuwa hana mke, akapewa, na miezi mitatu baadaye ubalozi ukaleta taarifa kwamba amefunga ndoa Ulaya. Ndoa ya mke mmoja.

"Mimi Ulaya sijafika," Fundi alisema. "Hata uwanja wa ndege nimeuingia mara moja tu, nilikwenda kujaza gesi kwenye kiyoyozi cha mkahawa."

"Hati ilichukuliwa na nani?" Mshonaji aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Na mama mzazi. Sahihi yake ni hii."

Nyuma yao kulikuwa na foleni, na foleni ina masikio. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wenye bahati huongezewa, maana yeye huyu wa kwanza tu anamsumbua mwaka wa pili. Watu wakaangua kicheko. Fundi alihisi shingo ikimwaka moto. Karani, ambaye kwa kweli alikuwa mtu mwema, alishusha sauti akasema kuoa juu ya ndoa ile ni kesi, na kwamba hataandika chochote kwenye faili hadi wakamuulize mama. Ada ya maombi, aliongeza kwa masikitiko, hairudishwi.

Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu. Baba yake Mshonaji, mwalimu mstaafu, alikuwa ametoa sharti moja tu: binti yake hatoki bila cheti cha ndoa cha serikali. Dada yake Mwalimu mwenyewe alitolewa na mashemeji nje ya nyumba ya marehemu mumewe, akiwa na godoro na watoto wawili, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuonyesha. Mwalimu hakutaka makubwa. Alitaka karatasi. Na karatasi ndiyo iliyokuwa imemkataa Fundi mbele za watu.

*

Nyumba ya mama ilijengwa na mguu wa Winga. Hivyo ndivyo mama mwenyewe alivyopenda kuwaambia wageni, akikanyaga vigae polepole ili nao waviangalie. Sebuleni kulikuwa na televisheni pana kama mlango, na ukutani picha za Winga tupu: Winga na jezi ya kijani ya klabu yake ya kwanza Ulaya, Winga kwenye theluji, Winga akishangilia bao huku kidole ameelekeza mbinguni. Ya Fundi haikuwapo hata moja. Waandishi na mashabiki walipokuja, Fundi alikuwa mtoto wa shangazi kwa muda wa soda moja, kisha wakiondoka anarudi kuwa mtoto wa nyumba. Aliishi chumba cha uani, kando ya tangi la maji, na hakulalamika. Pampu ilimhitaji.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Winga alikuwa kaka yake Fundi, akimzidi miaka minne. Miaka saba iliyopita Wakala alipita kusaka vipaji, na wakati huo Winga alikuwa na miaka ishirini na mguu wa kushoto uliowanyima mabeki usingizi. Lakini Wakala alitaka vijana wa miaka kumi na sita. Kumi na sita ilikuwa miaka ya Fundi. Mama aliketi na wanawe mezani, akatoa cheti cha Fundi kwenye mfuko wa plastiki alimohifadhi karatasi zote za nyumba, akasema ni kwa ajili ya majaribio tu, miezi mitatu, kisha kitarudi. Ni karatasi tu, alisema. Fundi alimpenda kaka yake kuliko karatasi yoyote, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi cheti, kwa mikono miwili.

Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa saba. Kila Fundi alipouliza, mama alimwambia umri wa mpira ni wa mpira na umri wa serikali ni wa serikali, na kwamba wake wa serikali haujaguswa. Fundi aliamini, kwani maisha yake hayakudai ushahidi. Mshahara alipokea mkononi, laini ya simu iliandikishwa kwa jina la mama, na friji halimuulizi fundi cheti cha kuzaliwa. Kitu kimoja tu kilimchoma. Kila mwaka, siku aliyozaliwa Fundi, mama alivaa vizuri, akaketi sebuleni na kumpigia Winga simu ya picha, akamtakia heri mbele ya wenzake wa timu, na baadaye mbele ya mkewe wa Kizungu aliyeshika keki. Fundi alikuwa akisikia yote kutoka uani. Mwaka wa tatu alijifunza kutafuta kazi ya mbali siku hiyo.

Walimkuta mama amevaa miwani, akisoma ujumbe kwenye simu. Mshonaji alimwamkia lakini hakuketi. Fundi aliuliza swali moja tu: ile hati ya kutokuwa na mke aliichukua ya nini.

Mama hakukana, na Fundi angefurahi kama angekana kidogo.

"Mwenzako alikuwa anaoa," alisema. "Mkewe alishakuwa mjamzito. Kule bila hati hawafungishi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa?"

"Nisingekataa," Fundi alisema, na alipoisikia sauti yake ikisema hivyo alijionea huruma. "Ndiyo maana ungeniambia."

Mshonaji alikuwa mtu wa vitendo. Vazi likiharibika alilitazama wapi litafumuliwa, hakulilia. Alisema jambo si gumu: kama Winga amechukua cheti cha Fundi, basi Fundi achukue cha Winga, wabadilishane moja kwa moja. Yeye yuko tayari kuolewa na mzee wa miaka ishirini na saba. Alijaribu kucheka aliposema hivyo, na kicheko kikamtoka vizuri tu, hadi alipoona mama anavua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni.

"Hicho hakipo," mama alisema.

"Kimepotea?"

"Mwenyewe ndiye hayupo. Amekufa."

Ilibidi aeleze, na alieleza akiitazama miwani. Miaka mitatu iliyopita mwandishi mmoja wa huko alianza kuchimba umri wa Winga. Alikuwa amesikia fununu kwamba kuna mtoto mkubwa katika familia, anacheza mpira, na akataka kujua yuko wapi. Wakala alisema mtu wa namna hiyo hunyamazishwa kwa kaburi tu. Mama akaenda kwa msajili wa vifo akaandikisha kwamba mwanawe wa kwanza alifariki kwa homa, zamani, wakiwa mji mwingine. Mwandishi alipewa nakala, akatoa pole, akaondoka.

Fundi aliinua macho kwenye picha ya ukutani, ile ya kidole mbinguni. Watangazaji walikuwa na mazoea ya kusema Winga anamkumbuka kaka yake marehemu, naye siku zote alidhani ni chumvi za watangazaji. Kumbe miaka yote hiyo mtu alikuwa akijililia mwenyewe mbele ya maelfu ya watu, na wanampigia makofi.

"Kwa hiyo yeye ana cheti cha kuzaliwa na ana cheti cha kufa," Fundi alisema. "Mimi sina hata kimoja."

"Chanda chema huvikwa pete," mama alisema. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini mvua hunyesha. "Mungu alimpa mwenzako mguu. Hii nyumba, dawa zangu za presha, chumba unacholala, vyote vimetoka kwenye huo mguu. Wewe una mikono. Mikono haikosi kazi."

Mshonaji aliishika mikono ya Fundi, iliyokuwa na makovu ya kuchomelea mabomba, akaigeuza.

"Na hiki chanda chake, mama, kitavikwa pete lini?"

Mama alivaa miwani yake na kusema kesho watampigia Winga, yeye ndiye atajua la kufanya.

*

Winga alipokea mchana, baada ya mazoezi. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha matibabu, goti limefungwa mfuko wa barafu, na nyuma yake ukuta mweupe usio na kitu. Alikuwa amenenepa mashavu. Alikuwa na mvi mbili kwenye ndevu, na Fundi akajiuliza watu wa huko wanazionaje mvi za kijana wa miaka ishirini na tatu.

Ni vizuri isemwe kwamba Winga hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia tu, ukapumzika. Winga alikuwa amelala njaa kwenye bweni la klabu ambayo haikuwa ikilipa, amekopeshwa kutoka timu hadi timu kama ngazi ya jirani, amerushiwa maganda ya ndizi akiwa anapiga kona, na hakuna mwezi alioacha kutuma kitu nyumbani. Aliwapenda. Alimuuliza Fundi habari za Mshonaji kwa furaha ya kweli. Ni pale tu jambo lenyewe lilipotajwa ndipo sauti yake ilipobadilika ikawa ya mtu anayesoma mkataba.

Klabu kubwa ilimtaka. Madaktari wangempima mwezi ujao, na msimu ule usingekuwa na mwingine wa mfano wake.

"Mchezaji wa miaka ishirini na tatu ananunuliwa, mdogo wangu," alisema. "Wa ishirini na saba mwenye goti kama hili anahurumiwa."

"Mimi sinunuliwi kwa umri wowote, kaka. Nataka kuoa."

"Oa. Nani kakukataza? Fanyeni sherehe, ukumbi nalipa mimi. Hizo karatasi tutazinyoosha nikistaafu."

"Lini?"

Winga alipiga hesabu kwa macho. "Miaka sita. Ikizidi, saba."

Fundi alimwambia mke hawekwi miaka saba kama gari lililokosa vipuri. Winga akasema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba mwanamke anayependa kweli haulizi karatasi. Mshonaji, aliyekuwa ameketi pembeni asikoonekana kwenye simu, aliuma mdomo. Hapo Fundi akasema neno alilokuwa amelibeba kifuani tangu jana yake: kesho asubuhi anakwenda kwa msajili, anaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na liwalo na liwe.

Winga aliliangalia goti lake. Mtu mmoja alimsogelea, akabadilisha mfuko wa barafu, akaondoka.

"Nenda," Winga alisema hatimaye. "Mimi watanifungia mpira. Nitarudi, tutatengeneza mafriji wote wawili. Lakini kumbuka kitu kimoja, Fundi. Ile taarifa ya kifo sikuandika mimi. Jela haitakuwa yangu."

Mama alikuwa kwenye kochi, mikono mapajani. Hakuonekana kushangaa. Fundi alimtazama usoni akajua kwamba hilo lilishazungumzwa kati yao wawili kabla ya simu ile, na kwamba yeye ameletwa tu kulisikia. Uzi hukatika pembamba, na katika nyumba ile pembamba palikuwa ni yeye, tangu akiwa na miaka kumi na sita.

*

Wakala alifika siku ya tatu, gari jeupe, viatu visivyojua vumbi. Kabla ya kuketi alisema kiyoyozi cha gari kinapuliza hewa ya moto, na kwa kuwa mtaalamu yuko hapa, si vibaya akitupia jicho. Fundi, kwa mazoea ya kazi, alikwishafungua boneti na kuingiza mkono kwenye mabomba ya gesi alipotambua anachokifanya. Alimaliza hata hivyo. Kazi ikishaanzwa haiachwi njiani. Alipoingia ndani akipangusa mafuta, walikuwa wameshakubaliana bila yeye.

Mpango ulikuwa mwepesi wa kueleza. Sheria inamruhusu mtu mzima asiyekuwa na kumbukumbu zozote kuandikishwa upya, kama mtoto wa wazazi wasiojulikana, mradi apatikane mtu mzima mmoja anayemfahamu tangu utotoni aje kuapa. Fundi atachagua majina mapya. Alama za vidole vyake hazijawahi kuchukuliwa popote, kwa hiyo mashine haitamkataa. Wiki moja na atakuwa na cheti, na kwa cheti hicho ataoa. Mama ndiye atakayeapa.

"Aape kwamba si mama yangu," Fundi alisema.

"Aape kwamba wazazi wako hawajulikani," Wakala alisahihisha. "Lugha ya ofisini."

Fundi aliomba aachwe kidogo na Mshonaji. Walikaa uani kando ya tangi, na Mshonaji akamuuliza, bila kumsukuma, kama ataweza. Yeye alikuwa tayari kwenda naye kwa msajili kusema kweli, na alikuwa tayari pia kunyamaza. Fundi alifikiri sana. Kusema kweli kulikuwa na picha moja tu akilini mwake: mama, na presha yake, kwenye benchi la polisi. Hilo hakuliweza. Alirudi ndani akasema anakubali, kwa sharti moja. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika uhusiano wa shahidi na mwombaji. Mama aandikwe mlezi.

"Mlezi," alirudia. "Hilo si uongo. Mengine yote andikeni mtakavyo."

Mama alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Alimshika Fundi mabega, akamwambia yeye ndiye mtoto wa tumbo lake, yeye ndiye anayempikia na kumwita usiku akizidiwa, Winga ni wa dunia lakini yeye ni wake. Mlezi ataandikwa, aliapa, hata kama wino utatoka kwenye mshipa wake. Wakala alitazama saa.

Jioni hiyo Mshonaji alikwenda kumwambia baba yake kwamba kuna kosa dogo kwenye kumbukumbu za serikali na linarekebishwa. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Mwalimu, na Mwalimu aliupokea kwa kumshukuru kwa kumweleza mapema.

*

Ofisi ya uandikishaji wa watu wasio na kumbukumbu ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya madirisha ya ndoa. Ilikuwa na meza moja, kabati la chuma lililokosa mlango, na pangaboi lililozunguka kwa kujivuta. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti iliyochoka. Alimwapisha mama akiwa amesimama, akamwonya kwamba uongo mbele yake ni jela miaka mitatu, kisha akamwambia aketi. Wakala alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Fundi na Mshonaji walikaa mbele ya meza.

Afisa aliuliza majina mapya ya mwombaji, akayaandika kwa herufi kubwa. Akauliza wazazi.

"Hawajulikani," mama alisema. Sauti haikumtetemeka. Fundi alikuwa amejiandaa kwa hilo, akalimeza.

"Uhusiano wako naye?"

Mama alifungua mdomo. Afisa, bila kuinua kichwa, aliendelea kwa wema wake: "Kama wewe ni mlezi wake utanipa kitambulisho chako. Mlezi tunamwingiza kwenye mfumo, anaunganishwa na mtoto. Ukifungua jina lako unaona na wale wa kuwazaa na wale wa kuwalea, wote ukurasa mmoja."

Pangaboi lilizunguka. Mama alimtazama Wakala, na Wakala akaviangalia viatu vyake. Hakumwashiria kitu. Hilo Fundi alilikumbuka baadaye kila mara, kwamba hakuna mtu aliyemwashiria kitu.

"Jirani," mama alisema.

Fundi aligeuka. Mama hakugeuka.

"Jirani tu?" Afisa aliuliza.

"Jirani. Namwona pale mtaani siku zote. Ni kijana mzuri, hana matatizo na mtu."

"Alizaliwa lini?"

Alizaliwa Jumatano, alfajiri, wiki mbili kabla ya muda wake, na mama alikuwa akisimulia kila mara jinsi alivyotoka kimya hadi mkunga akampiga makofi mawili. Fundi aliijua hadithi hiyo kwa moyo. Alimsubiri aitoe hata nusu yake, hata ile Jumatano peke yake.

"Sijui, mwanangu," mama alimjibu Afisa. "Mimi nilimkuta ameshaanza kutembea."

Afisa akasema wasiojua siku huandikiwa tarehe mosi ya mwezi wa kwanza, akaandika. Kisha akauliza kama mwombaji ana la kuongeza kabla hajapiga mhuri. Mshonaji alimbana Fundi mkono chini ya meza. Angeweza kusema pale pale. Maneno alikuwa nayo yote, yamepangana, na jela ya miaka mitatu ilikuwa imeketi karibu yake na mkoba mapajani. Aliona hasira yake inataka aseme, na bado hakuweza kumpeleka mama yake jela, na akajichukia kwa kutoweza.

"Naomba nimuulize shahidi," alisema. "Mama, una uhakika kabisa hujui nilikotoka?"

Mama aliitazama saa ya ukutani.

"Nina uhakika," alisema.

Mhuri ulipigwa mara mbili, mara moja juu na mara moja chini.

Kwenye ngazi mama alimwahi, akamshika kiwiko, akawa anaongea haraka haraka kwa sauti ya chini. Hakuwa na njia, yule mwanamke angemfungua kwenye kompyuta, angemkuta Winga pale na yule marehemu, wiki mbili kabla ya madaktari, si alisikia mwenyewe. Huku akisema alikuwa ameshampigia Winga. Akampa simu. Ongea na ndugu yako, alisema, anataka kukupongeza.

"Mdogo wangu," Winga alisema, na sauti yake ilijaa nafuu. "Limekwisha. Sasa oa kwa raha zako. Ukumbi nimeshalipia, na wimbo wa kuingilia nitauchagua mimi."

"Umekosea namba," Fundi alisema. "Mimi nimetoka kuapiwa sasa hivi kwamba sina ndugu."

Akairudisha simu kwenye mkono wa mama, taratibu, asije akaiangusha.

"Mwanangu, usinifanyie hivyo," mama alisema. "Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, mama, ungeniachia yangu."

Chini, kwenye dirisha la ndoa, alikuwapo karani yule yule. Alimkumbuka Fundi, akakiangalia cheti kipya, akamwangalia yeye, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema hakuuliza. Alitoa fomu safi. Akaandika jina la bibi harusi, jina la baba yake na la mama yake. Akaandika majina mapya ya bwana harusi, na Mshonaji akamsaidia Fundi kuyatamka, maana mwenyewe alikuwa bado hajayazoea.

"Mama wa bwana harusi?" karani aliuliza.

Fundi aligeuka. Mama alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, ameshuka ngazi kuwafuata, mkoba kifuani. Alilisikia swali. Midomo yake ilifunguka, na Fundi akangoja, na karani akangoja na kalamu yake hewani. Simu ikaita mkononi mwa mama. Aliitazama, akaipokea.

"Niko hapa, mwanangu," alisema, na akatoka nje kutafuta mahali penye mtandao mzuri.

Fundi akarudi dirishani.

"Andika hajulikani," alisema.